Kiti cha Mtu wa Tatu

Wifi yangu aliingia karakana, akaweka kikapu chake cha nyuzi juu ya boneti, akachungulia ndani ya gari. Alichungulia kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo mimi na mume wangu tulikuwa tukiomba asiliulize.

"Atakaa wapi?"

Mume wangu, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Miguu ile ikaacha kutikisika.

"Nani, dada?"

"Shemeji yako. Mkimpata, atakaa wapi? Kiti cha nyuma hakipo."

Hakikuwepo kweli. Mume wangu alikifungua asubuhi ile, akakitupa nyuma ya karakana kwenye mabati mabovu, na mahali pake akachomelea fremu ya tangi la pili la dizeli. Kwa gari linalokwenda kusiko na kituo cha mafuta, hiyo ni kazi ya kawaida. Ameifanya kwa magari ya wapiga picha, ya watafiti na ya matajiri wanaopenda kuteseka kwa hiari yao, na hakuna aliyewahi kulalamika. Lakini hili lilikuwa gari la kwenda kumtafuta mume wa mtu, na mwenye mume alikuwa amesimama hapo.

"Tutabanana, dada," alisema kutoka chini. "Wewe usihangaike na viti."

Wifi alichukua kikapu chake akaenda kupima milango, maana alikuwa anashona mifuko ya kuwekea spana. Mimi nilikuwa dirishani pangu, kwenye kiduka cha vipuri ninachoendesha pembeni mwa karakana, na nilitamani nimrushie mume wangu kitu kichwani.

Niwaeleze huyu wifi yangu ni nani. Ukimpita barabarani hutageuza shingo. Ni mwanamke mfupi, mikono mipana, gauni lina vipande vya uzi kila mahali. Anashona maturubai. Anashona paa za malori, mahema, vifuniko vya mashua na viti vya magari, na mtaa mzima wanamwita Mama Turubai. Chumba chake cha mbele kina cherehani moja nyeusi ya chuma ambayo wanaume wanne walishindwa kuipitisha mlangoni hadi mlango ukang'olewa. Hakuna kiti cha mgeni. Mgeni anakalia marobota ya turubai yaliyoegemezwa ukutani, na akiinuka anaondoka na harufu ya nta. Ukimpelekea kazi ya fundi mwingine airekebishe, ataigeuza, ataikodolea macho, atasema, "Huyu alishona akiwa amelala," kisha ataifumua yote hata kama hukumwomba.

Mume wake ni dereva. Tulimpa jina la Ramani, na tulimpa kwa kejeli. Siku aliyowaleta wazee wake kuja kuposa, alipotea mitaa miwili tu kutoka hapa, akawaingiza kwenye nyumba nyingine kabisa, wakakaribishwa, wakanywa chai, wakaanza kujieleza, ndipo mwenye nyumba akasema yeye hana binti. Kisa hicho tulikicheka miaka na miaka. Ramani mwenyewe ndiye aliyekisimulia vizuri kuliko wote, akiongeza chumvi kila mara. Baadaye alikuja kuwa dereva hodari, lakini jina likabaki.

Sasa hakuna aliyethubutu kulitamka. Aliondoka na gari la kampuni ya wachimba visima kuwapelekea wenzake vipuri, huko kwenye nchi kame, siku kadhaa kutoka barabara ya mwisho yenye lami. Kwa wenzake hakufika, na nyumbani hakurudi. Kampuni ilituma magari mawili, kisha moja, kisha ikamtuma mtu mwenye shati zuri kumwambia wifi asubiri nyumbani. Nilikuwepo. Nilimwona wifi akimsindikiza yule mtu hadi mlangoni kwa adabu zote, akimshukuru kwa kuja, halafu akarudi kukalia robota la turubai na kusema, "Wameacha kutafuta."

Hakulia. Hilo lilinikera, nakiri. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu, na mtu asipolia mbele yangu nashindwa kujua nimshike wapi.

Kesho yake alikuja karakana kumwomba mdogo wake amtengenezee gari. Gari lenyewe lilikuwa la mume wangu, gari refu la fo-baifo, lililokaa juu ya matofali kiasi kwamba kuku wa jirani walikuwa wakitaga kwenye buti. Mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Nyundo kwa sababu hupiga kwanza ndipo akafikiri, safari hii hakupiga wala kufikiri. Alisema tu, "Sawa, dada," akaenda kutoa mayai.

Kuandaa gari la safari ndefu kuna ulevi wake. Mtu akishaanza, haachi. Injini ilishushwa ikapandishwa. Rejeta ilizibuliwa. Bomba la kuvutia hewa lilipandishwa hadi juu ya paa ili injini isile vumbi. Zikafungwa tairi za meno makubwa, keria ya chuma ikachomelewa, zikaja tairi za akiba, pampu ya upepo, jeki ndefu, makoleo, na vile vyuma vya matundu vinavyotandazwa chini ya tairi likizama mchangani. Kila mtu mtaani alileta wazo lake. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mto alitushauri tubebe mtumbwi.

Na kila alichofunga mume wangu, wifi alikishonea vazi. Alishona kivuli cha kuning'iniza kutoka kwenye keria, vifuniko vya masanduku, na mikanda mipana ya kufungia madumu yasigongane. Alishona mifuko ya maji ya turubai zito, ile ya kutundika nje ya gari, ambayo hutoka jasho na upepo ukaipoza. Alipoileta, mume wangu aliihesabu kwa macho.

"Dada, mbona mingi? Sisi ni wawili."

"Wakati wa kwenda ni wawili."

"Uzito, dada. Springi zina mwisho wake."

"Basi ongeza springi."

Akaongeza, lakini mizigo nayo ikaongezeka. Gari likazidi kukaa chini kama kuku anayeatamia. Wa pili katika safari alikuwa mdogo wake Ramani, mtu wa makamo tunayemwita Kimya kwa vile hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Naye siku zile alikuwa akiongea kidogo kuliko kawaida, na hilo lilinitisha zaidi ya yote.

Mchana mmoja niliwapelekea chai, nikamkuta mume wangu amelala chali kwenye sakafu ya saruji, mikono kifuani, na Kimya amepiga magoti akinyoosha waya kutoka utosini mwake hadi visiginoni. Waliponiona walishtuka kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Mnafanya nini?"

Mume wangu aliinuka, akajipangusa. Alimwangalia Kimya, Kimya akaangalia ukuta.

"Mke wangu, sema ukweli. Wewe unaamini yuko hai?"

Niliweka chai sakafuni. Jua la kule kila mtu analijua. Na siku zilikuwa zimekwenda.

"Basi," alisema. "Hatuwezi kumleta ndugu wa watu amefungwa kwenye blanketi, anagongana na madumu. Tunahitaji kitu chenye heshima. Turubai, mishikio pembeni, zipu katikati. Na hapa mjini anayeshona hivyo ni mmoja tu."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia ni mfuko wa makoleo."

Nilimwita mjinga. Nilimwita na majina mengine ambayo siyaandiki. Lakini aende kwa nani? Wazo la kazi ile kushonwa na mtu wa pembeni, halafu wifi aje aione ikishushwa, lilikuwa baya kuliko lile la kumwomba mwenyewe.

Tulikwenda pamoja. Wifi alikuwa kwenye cherehani, mguu unapiga, uzi unakimbia. Mume wangu alisimama katikati ya chumba na ule waya mkononi, umepindwa fundo kila mwisho, akaeleza habari za makoleo na vyuma vya mchanga, jinsi vinavyopiga kelele juu ya keria, jinsi mfuko mrefu ungefaa. Aliongea sana. Mtu asiyejua kudanganya huongea sana.

Wifi aliupokea waya. Aliunyoosha juu ya meza yake. Ameshona mifuko ya aina hiyo, ya hospitali na ya wazima moto, na sidhani kuna kipimo anachokijua zaidi. Aliupitisha vidoleni taratibu kutoka fundo hadi fundo.

"Umejipima mwenyewe?" aliuliza.

"Dada..." alianza mume wangu.

"Ni mfupi," alisema wifi. "Mume wangu anakuzidi. Nimemkatia suruali miaka yote hii. Humu miguu yake itakunjika."

Alifungua droo, akatoa utepe wake wa kupimia, akapima robota bila kuangalia ule waya tena. Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia akipiga kitu kwa ngumi, nadhani ni geti, maana jioni yake mkono ulikuwa umevimba. Mimi nilibaki. Nilikaa kwenye marobota na kulia kwa niaba ya wote, nikiwa na hasira na jangwa, na kampuni, na mume wangu, na wifi pia, kwa kuwa alikuwa anachora mstari wa chaki mnyoofu na mkono wake hautetemeki.

"Wifi, acha," nilimwambia. "Tutatafuta mtu mwingine."

"Mtu mwingine atashona ovyo," alisema.

Alishona siku ile na iliyofuata. Nilikuwa nakwenda na kurudi, nikisingizia hili na lile. Chumba kilikuwa vilevile, kikombe chake cha bati kwenye dirisha, picha ya harusi imepinda ukutani, na msumari mlangoni ambapo Ramani hutundika funguo. Vitoto vya paka vilicheza na vipande vya turubai. Katikati ya yote hayo, kitu kile kirefu kilimwagika kutoka mezani hadi sakafuni, rangi ya udongo, mishikio sita imeshonwa mara mbilimbili.

Alipomaliza aliniomba nimsaidie kukikunja. Nilishika upande wa kichwani. Zipu ilikuwa nene, ya mahema, na nilipoivuta kuifunga, kidole changu kikagusa kitu upande wa ndani. Nikageuza. Palikuwa na kishikio kingine. Zipu ilikuwa ya kufunguka pande zote mbili, nje na ndani, na kile cha ndani alikifunga utepe mrefu mweupe, mahali ambapo mtu aliyelala anaweza kuufikia bila kunyoosha mkono.

Ameshona mifuko mingapi ya hospitali? Anajua vizuri kwamba haina kishikio cha ndani. Hakuna anayekihitaji.

Nilimtazama. Alikuwa ananitazama tayari.

"Usiwaambie," alisema.

"Wifi..."

"Ninajua mnavyofikiri. Sina kichaa. Ninajua jua ni nini." Alishika utepe ule mweupe, akaulainisha kwa kidole gumba. "Lakini watu wanakosea, wifi. Mtu anazimia, mapigo yanakuwa madogo, wenzake wamechoka, wana haraka ya kumfunika. Akiamka humo gizani, atoke vipi? Unajua alivyo. Hata mlango wa nyumba yetu ameshaukosa."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti nene, mbaya, ya mtu asiyezoea, na mimi niliyetamani alie siku zote hizo nilitamani anyamaze. Nilimkumbatia na lile turubai katikati yetu, gumu, likitukwaruza vifua.

Waliondoka alfajiri ya siku ya tatu. Wifi mwenyewe alikifunga kile kitu juu ya keria, mbele kabisa, kwa fundo lake. Hakumwambia mdogo wake neno la kumtia uchungu. Alimwambia tu wasinywe maji ya moto kutoka kwenye madumu wakati mifuko ipo. Gari likatoka, sehemu ya nyuma imeinama kwa uzito, Kimya anapunga mkono dirishani. Kisha kukawa na ile sauti ya karakana isiyo na mtu.

Sitaki kueleza sana siku za kungoja. Nilifungua duka, nikauza plagi na feni belti, nikawarudishia watu chenji kimakosa. Wifi alipokea kazi za watu akazishona. Kila injini nzito iliyopita barabarani, cherehani ilisimama.

Walirudi mchana, polepole, tukiwasikia kabla ya kuwaona, kwa sababu springi ya nyuma ilikuwa imekatika na wameifunga kipande cha gogo kwa mikanda yake wifi. Gari lilikuwa jeupe kwa vumbi. Sote tulitoka. Mimi nilitazama ndani kuhesabu vichwa. Wifi hakutazama ndani. Alitazama juu ya keria, mbele.

Mfuko ulikuwa umekunjwa, lakini fundo halikuwa lake.

Alishika nguzo ya geti. Mume wangu aliruka kabla gari halijasimama, akamkimbilia.

"Hapana, dada. Hapana. Ni mtupu. Hatukumpata."

Vichwa ndani ya gari vilikuwa viwili. Walikuwa wameipita njia ya zamani ya wachimba visima, wakaanza kukata kuelekea mabonde, kule ambako kampuni haikufika kabisa, ndipo springi ikakatika kwa uzito. Wakageuka. Hakukuwa na gari, alama ya tairi, wala mtu. Kimya alieleza hayo yote kwa sentensi tatu, akaketi chini kwenye kokoto na kufunika uso.

"Nani alifungua fundo langu?" aliuliza wifi.

"Mimi," alisema mume wangu. Midomo ilikuwa imempasuka. "Tulikamatwa na upepo wa mchanga. Hema liliondoka. Kimya akalala kwenye gari, mimi sikuwa na mahali, nikaingia humo, nikajifungia. Samahani, dada. Nilipoamka sikujua niko wapi. Giza, joto, mchanga umenilalia mzito. Nikaanza kupiga makelele. Nikapapasa huku na huku. Nikakuta utepe."

Wifi alitazama chini.

"Uliuweka kwa ajili yake," alisema mume wangu.

"Ndiyo."

Mume wangu alisimama pale, fundi mkubwa mzima, mikono imening'inia. Nilidhani atamwambia yale ambayo mimi nilikuwa nimeyapanga moyoni, kwamba inatosha, kwamba tumefanya la kufanya, kwamba sasa tukae tumwombee. Na kusema kweli nilitaka ayaseme. Mimi bado siamini kama Ramani yu hai. Nikilala namwona mchangani, na hacheki.

Badala yake alichukua spana, akafungua mlango wa nyuma, na kuanza kulegeza bolti za tangi.

"Tunarudi," alisema, hakusema na mtu maalumu. "Mafuta tutayabeba kwa madumu, tuyafukie njiani tukienda, tuyafukue tukirudi. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Kimya, inuka, shusha haya makorokoro ya juu. Nusu yake hatukuyagusa."

"Hata hujanawa uso," nilimwambia.

"Nitanawa."

Tangi lilitoka. Akaenda nyuma ya karakana, akarudi amebeba kile kiti cha nyuma begani, kina kinyesi cha kuku na jani kavu limekwama kwenye mshono. Akakipenyeza, akakigonga kwa ngumi hadi kikakaa, akaanza kukaza bolti. Wifi alikuja na kitambaa kibichi, akakifuta kiti chote, mgongo na ubavu, kisha akaingia akakikalia. Akavuta mkanda ukampita kifuani, akaufunga.

"Uko sawa hivyo, dada?" mume wangu aliuliza kutoka chini. "Au niurefushe? Shemeji ni mpana."

Wifi aliingiza mkono kati ya mkanda na kifua chake, akapima nafasi iliyobaki.

"Ufupishe," alisema. "Atakuwa amekonda."